Kufuma Kitambaa cha Katikati ya Meza Chenye Miraba ya Rangi Mbili: Mwongozo Kamili kwa Kitanda Kidogo cha Kufumia

Kitambaa tunachofuma hapa kikimalizika kina upana wa sentimita 30 hivi na urefu wa sentimita 120 bila matamvua. Rangi ni mbili tu, moja iliyokoza na nyingine nyeupe ya maziwa. Ukikitandaza utaona miraba inayopokezana: mmoja una mistari ya kusimama, wa jirani yake una mistari ya kulala, kama mkeka wa ukindu wa rangi mbili. Anayekiona mara ya kwanza hudhani kimefumwa kwa mtambo mkubwa. Kumbe ufumaji wenyewe ni ule wa mwanzo kabisa, uzi mmoja juu, mmoja chini, tangu upande huu hadi ule. Pambo lote limo kwenye mpangilio wa rangi, na mpangilio huo unauamua kabla hujafuma hata mstari mmoja. Ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu ni ya kutanda mtande, yaani zile nyuzi za urefu zinazokazwa kitandani.

Kitanda na chanuo lake

Unahitaji kitanda kidogo cha mezani chenye chanuo gumu, upana wa sentimita 40 au zaidi. Chanuo lina mianya mirefu, na kati ya mwanya mmoja na mwingine kuna kijiti chembamba chenye tundu katikati. Uzi uliopita tunduni umefungwa mahali pake. Uliopita kwenye mwanya huteleza juu na chini upendavyo. Ukiinua chanuo, nyuzi za matunduni hupanda na za mianyani hubaki chini. Ukilishusha, mambo hugeuka. Kila mara inafunguka njia ya kupitisha mshindio, yaani uzi unaokatiza mtande, na hizo njia mbili ndizo zote utakazotumia.

Machanuo huuzwa kwa namba. Kampuni ya Ashford ya New Zealand huhesabu nyuzi kwa kila sentimita 10, kwa hiyo utaona 30, 40 au 50. Za Marekani huhesabu kwa inchi: 8, 10, 12. Namba 10 ya inchi ni karibu sawa na 40 ya sentimita, na hiyo ndiyo tunayoitumia, yaani nyuzi 4 kwa kila sentimita. Fundi seremala mzuri anaweza kukutengenezea fremu kwa mbao iliyokauka sawasawa, lakini chanuo ni afadhali ulinunue. Mianya ikipishana hata kidogo, kitambaa kizima kitakuonyesha.

Pamoja na kitanda tafuta vijiti viwili bapa vya kupitishia mshindio, kimoja kwa kila rangi. Urefu wake uzidi kidogo upana wa kitambaa. Kisha sindano ya krosheti nyembamba, klampu mbili, sindano butu ya kushonea sweta, futi ya kupimia, na karatasi nene ya kaki. Magazeti usiyatumie, wino wake unahamia kwenye uzi mweupe.

Uzi

Chagua pamba. Nyuzi za sweta za akriliki zina rangi za kuvutia na bei yake ni nafuu, lakini zinanyumbuka kitandani na haziwezi kuvumilia sufuria ya moto wala pasi kali, na hiki ni kitambaa cha mezani.

Unene unaofaa unaupima hivi: zungushia uzi kwenye futi, mizunguko ikigusana bila kubanana, kisha hesabu mizunguko iliyomo ndani ya sentimita 1. Nusu ya idadi hiyo ndiyo nyuzi za mtande utakazoweka kwa sentimita. Chanuo letu lina 4, kwa hiyo tunataka uzi wenye mizunguko 8 hivi. Uzi wa pamba unaouzwa kwa alama 8/4 uko papo hapo, na kila gramu 100 zake zina mita 340 hivi. Kama hukuupata, uzi wa krosheti wa pamba unaokaribia unene huo unafaa. Kabla ya kuununua, ushike kwa mikono miwili uuvute kwa ghafla. Ukikatika kirahisi, unaweza kuwa mshindio lakini hauwezi kuwa mtande.

Kuhusu rangi, wengi huangalia kama zinapendana. Katika kazi hii swali la kwanza ni kama zinaachana. Nyekundu na kijani kibichi zinaonekana tofauti sana dukani, lakini zikiwa na ukoleo sawa miraba inapotea kabisa na unabaki na kitambaa cha kahawia. Zipige picha kwa simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Zikionekana sawa, rudisha moja rafuni. Bluu ya nili na maziwa haijawahi kukosea, na kahawia ya kahawa iliyokaangwa na maziwa vilevile.

Jaribu pia kama rangi inatoka. Chovya kipande cha uzi uliokoza kwenye maji ya moto yenye sabuni, kikamulie kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha doa, loweka na suuza uzi wote, ukiwa umeufunga kwa mafungu, mpaka maji yatoke meupe. Uzi mwekundu na mweusi hasa usiuamini.

Hesabu

Mtande una nyuzi 136, sawa na sentimita 34 kwenye chanuo. Kitambaa kitajibana kikifumwa na kurudi tena kikifuliwa, hivyo 34 zinaishia kwenye 30 hivi. Mpangilio: nyuzi 8 za rangi iliyokoza kila ukingo, na katikati miraba 6 ya nyuzi 20, jumla 120. Nyuzi zilizokoza ni 76, nyeupe 60.

Urefu wa mtande ni sentimita 230. Humo mna sentimita 139 za kitambaa chenyewe, 15 za kipande cha majaribio, na zilizobaki ni za mafundo ya mbele, matamvua, na mkia wa nyuma ambao chanuo haliwezi kuufikia. Kwa hesabu hiyo mtande unakula mita 175 za uzi uliokoza na mita 138 za mweupe. Mshindio unahitaji mita 120 hivi za kila rangi. Gramu 100 za kila rangi ya uzi wa 8/4 zinatosha, na kitabaki kidogo. Kama uzi wako umeandikwa mita tofauti, piga hesabu upya, na nunua zaidi kidogo kutoka toleo lilelile la rangi. Nili ya mwezi huu si nili ya mwezi ujao.

Kutanda mtande

Kaza kitanda mezani kwa klampu, nyuma yake ikiwa ukingoni mwa meza na mbele ikielekea kwenye nafasi tupu ya chumba. Sentimita 230 kutoka kwenye ufito wa nyuma (ule wa kufungia nyuzi za mtande), weka kigingi imara: kigingi cha kitanda chenyewe kilichokazwa kwenye meza nyingine, au mguu wa kiti kizito kilichogeuzwa. Kisisogee. Weka chanuo mahali pake pa kupumzikia, tafuta katikati yake, pima sentimita 17 kwenda kushoto. Mwanya ulio hapo ndio wa kwanza. Mabonge mawili ya uzi yakae sakafuni nyuma ya kitanda, kila moja ndani ya bakuli lake yasikimbizane.

Funga ncha ya uzi uliokoza kwenye ufito wa nyuma. Ingiza sindano ya krosheti kwenye mwanya wa kwanza, vuta kitanzi cha uzi, kipeleke mpaka kigingini ukivishe. Rudi, zungusha uzi kwenye ufito, vuta kitanzi kingine kwenye mwanya wa pili. Kila kitanzi ni nyuzi mbili. Matundu yanabaki matupu kwa sasa. Mianya 4 ya kwanza yote ni ya rangi iliyokoza. Huo ndio ukingo.

Sasa funga uzi mweupe nao kwenye ufito, na uanze kupokezana: mwanya mmoja kitanzi kilichokoza, unaofuata kitanzi cheupe, kilichokoza, cheupe, kwa mianya 60. Huna haja ya kukata uzi kila unapobadili. Kila baada ya mianya 10 funga kiuzi cha rangi ya tatu kama alama, kwa sababu hapo ndipo mraba mmoja unapoishia na mwingine kuanza. Malizia kwa mianya 4 ya rangi iliyokoza. Jumla ni mianya 68. Mvuto wa mkono uwe uleule tangu kitanzi cha kwanza hadi cha mwisho. Ukichoka, pumzika ukiwa umemaliza kitanzi, si katikati ya safari.

Kabla ya kuvua vitanzi, funga mtande kwa uzi imara karibu na kigingi. Vua, ushike wote kwa mkono mmoja kama mkia, uuvute, na mwenzako azungushe taratibu mti wa nyuma wa kuviringishia mtande. Kila mzunguko uwekewe karatasi ya kaki, pana kuliko mtande, ili tabaka moja lisizame ndani ya lingine. Nyuzi za pembeni zikiteleza nje ya karatasi zitalegea, na ukingo uliolegea hautengenezeki baadaye. Acha kuzungusha mtande ukibaki sentimita 30 hivi mbele ya chanuo. Kata vitanzi mwishoni.

Kuingiza nyuzi matunduni

Sehemu hii inataka mwanga mzuri na watu wasiokusemesha. Kila mwanya sasa una nyuzi mbili za rangi moja, na tunataka kila mwanya ubaki na uzi mmoja na kila tundu lipate mmoja. Tundu la mwanya ni lile la kulia kwake.

Kwenye ukingo ni rahisi: acha uzi mmoja mwanyani, mwingine uingie tunduni. Mianya 4, nyuzi 8, zote zilizokoza.

Mraba wa kwanza tuuite A. Ndani yake rangi iliyokoza inakaa mianyani na nyeupe inakaa matunduni. Chukua mianya miwili pamoja, wa kushoto una nyuzi mbili zilizokoza, wa kulia una mbili nyeupe. Uzi mmoja uliokoza unabaki ulipo. Wa pili unahamia mwanya wa kulia. Nyuzi nyeupe zinahama zote mbili: moja inaingia tundu la kwanza, nyingine tundu la pili. Ukisoma kutoka kushoto unapata iliyokoza, nyeupe, iliyokoza, nyeupe. Rudia mara tano, mianya 10, na mraba A umekamilika.

Mraba B ni kinyume: nyeupe mianyani, iliyokoza matunduni. Katika kila jozi ya mianya, nyuzi zilizokoza ndizo zinazokwenda kwenye matundu mawili, na nyeupe zinagawana mianya. Mahali A inapokutana na B utaona nyuzi mbili nyeupe zimekaa bega kwa bega. Usizisahihishe, mshono huo ndio unaogeuza mistari. Endelea A, B, A, B, A, B, kisha ukingo.

Ukimaliza, inua chanuo utazame. Katika mraba A nyuzi zilizopanda ziwe nyeupe zote, katika mraba B zilizokoza zote. Kosa lolote la kuingiza litajitokeza hapo hapo, na kulirekebisha sasa ni kazi ya dakika chache.

Funga mtande kwenye ufito wa mbele kwa mafungu ya nyuzi 8, yako 17. Anza na fungu la katikati, kisha moja kushoto, moja kulia, ukielekea pembeni. Kwanza piga nusu ya fundo kwa mafungu yote, rudi ukaze kila moja, halafu ndipo ufunge kabisa. Fumba macho, pitisha kiganja juu ya mtande. Vidole vinaona ulegevu kuliko macho.

Kufuma

Anza na mipito michache (mpito ni kupitisha mshindio mara moja) ya uzi mnene wowote wa kutupa, mpaka mapengo ya mafundo yazibane na nyuzi zikae sambamba. Kisha fuma sentimita 15 za majaribio kwa rangi zako halisi. Lengo ni mipito 4 kwa sentimita, sawa na nyuzi za mtande. Mshindio usipigwe kwa nguvu; unausogeza mahali pake kwa chanuo. Kabla ya kuusogeza, ulaze kwa mshazari, upande unaotokea ukiwa juu, ili uwe na urefu wa ziada wa kupanda na kushuka kwenye mtande. Ukiunyoosha sawa, kitambaa kitaanza kukonda kiunoni kila sentimita unayofuma.

Kipande cha majaribio kikiridhisha, acha nafasi tupu ya sentimita 12 kwa matamvua (ziba kwa vipande vya kadibodi) na uanze kitambaa chenyewe. Mwanzoni mwa mshindio uliokoza acha mkia wenye urefu mara nne ya upana wa kitambaa. Fuma mipito 8 ya rangi iliyokoza. Chukua sindano butu, tunga ule mkia, na ushone ukingo: zungusha nyuzi 4 za mtande kwa pamoja, kisha panda mipito miwili ndani ya kitambaa, endelea na nyuzi 4 zinazofuata. Yatapatikana mafungu 34. Kushona kitambaa kikiwa bado kimekazwa kitandani ni rahisi mno kuliko kikiwa kimeshatoka.

Sasa miraba. Mstari wa kwanza wa miraba: chanuo juu, pitisha iliyokoza, chanuo chini, pitisha nyeupe. Rudia mpaka ifike mipito 20. Tazama kinachotokea. Kwenye mraba B, chanuo likiwa juu, mtande uliopanda ni uliokoza na mshindio ni uliokoza, kwa hiyo mstari mzima wa mraba huo ni wa rangi hiyo. Likishuka, kila kitu ni cheupe. Hiyo ndiyo mistari ya kulala. Kwenye mraba A, mtande uliopanda ni mweupe na mshindio uliokoza unajaza mapengo ya katikati. Chanuo likishuka, mtande uliokoza unapanda mahali palepale mshindio uliokoza ulipokuwa, na mshindio mweupe unafunika pale palipokuwa na mtande mweupe. Safu inabaki na rangi yake, na mistari inasimama.

Baada ya mipito 20, geuza: nyeupe chanuo likiwa juu, iliyokoza likiwa chini. Yaani mpito mweupe wa mwisho unafuatwa na mwingine mweupe. Mistari yote inabadilishana mahali: iliyosimama inalala, iliyolala inasimama. Fuma mipito 20, geuza tena. Miraba ya urefu ni 27. Kwa kuwa ni witiri, ncha zote mbili zitafanana. Malizia kwa mipito 8 ya rangi iliyokoza, na ushone ukingo kama mwanzo.

Kuhesabu mipito 20 bila kupotea si kazi kubwa kama inavyosikika. Kila rangi inakwenda mara 10 katika mraba, idadi shufwa, hivyo vijiti vyote viwili hurudi upande vilikoanzia. Ukifika mwisho wa mraba na kijiti kimoja kiko kulia na kingine kushoto, umeruka mpito mahali. Mraba ukiwa mrefu kidogo kuliko upana wake wakati umekazwa, usijali, mtande ukilegezwa urefu unarudi.

Kingo ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu vijiti viwili vinapokezana na uzi wa pembeni kabisa wakati mwingine hauguswi na mshindio wowote. Jiwekee kanuni moja usiibadilishe: kijiti ulichomaliza kukitumia kiweke karibu na mwili wako, kingine mbele yake. Nyuzi mbili zitaviringana kwa namna ileile kila mara. Ukiona uzi wa pembeni haukushikwa, pitisha kijiti juu au chini yake kwa makusudi kabla ya kuingia njiani. Uzi wa mshindio ukiisha, lalisha mpya juu ya ule wa zamani kwa sentimita 4 katika njia moja, mbali na ukingo, ikiwezekana ndani ya mraba ambamo rangi hiyo inatawala mstari.

Uzi wa mtande ukikatika, usifungue kitu. Kata uzi mpya wa rangi hiyo, upitishe kwenye tundu au mwanya uleule, uzungushie pini iliyochomekwa kwenye kitambaa sentimita chache chini ya pengo, na nyuma uning'inize ukiwa na uzito mdogo kama boliti au nati. Mikia yote miwili itafichwa kwa sindano mwishoni.

Matamvua, maji na pasi

Kata kitambaa kitandani ukiacha sentimita 12 za nyuzi kila upande. Tenganisha pia kipande cha majaribio, kitakuwa kitambaa cha kuwekea kikombe. Chukua mafungu mawili jirani, kila moja lisokote kwa vidole kwenda kulia mpaka lianze kujikunja, yaweke pamoja na uyasokote kwenda kushoto, funga fundo mwishoni. Mafungu 34 yanatoa matamvua 17 kila upande. Yalinganishe kwa mkasi baada ya kufua, si kabla.

Loweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa nusu saa, ukikikanda polepole. Hapo ndipo nyuzi zinapokaa na mapengo madogo yanapoziba. Kitambaa ambacho hakijaingia majini bado ni wavu. Suuza, kikunje ndani ya taulo ukikamue, kianike kivulini kikiwa kimelazwa. Kipigwe pasi ya moto kikiwa na unyevu, kwa upande wa nyuma.

Ukitaka kingo zichangamke, badilisha zile nyuzi 8 za kila upande ziwe mistari kama ya kikoi, mathalani 2 za manjano, 2 za nili, 4 nyekundu. Kikoi nacho mistari yake iko kwenye mtande, kwa hiyo hakuna cha ziada utakachofanya wakati wa kufuma. Ila sentimita 2 za mwanzo na mwisho ziache za rangi iliyokoza.

Mezani, kitakachokisumbua kitambaa hiki ni bizari. Doa lake lioshe mara moja kwa maji baridi na sabuni, na alama ya manjano ikibaki kwenye nyuzi nyeupe, anika sehemu hiyo juani kwa saa chache. Jua huipausha rangi ya bizari. Sehemu nyingine ifunike, lisije likaipausha nili pia.